Makamishna wa huduma za umma katika majimbo ya Marekani: wametoka kazi gani? Maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Hawa makamishna ni akina nani hasa?

Kila jimbo la Marekani, na Washington, D.C. pia, lina tume inayozisimamia kampuni binafsi za umeme, gesi ya mabomba, maji na, kwa kiwango kinachozidi kupungua, simu. Tume ndiyo inayoamua kampuni itoze kiasi gani, katika majimbo mengi ijenge mtambo gani, na gharama zipi ziingie kwenye bili ya mteja. Makamishna ni wale watu 3, 5 au 7 wanaopiga kura ya mwisho.

Msomaji wa Tanzania anaweza kuifikiria EWURA, na wa Kenya akaifikiria EPRA. Tofauti kubwa ni kwamba Tanzania Bara yote ina mdhibiti mmoja na shirika la umeme ni la serikali, ilhali Marekani kila jimbo lina mdhibiti wake, na kampuni nyingi zinazodhibitiwa zina wanahisa wanaosubiri gawio. Juu yao ipo FERC, tume ya serikali kuu, inayoshughulikia umeme unaouzwa kwa bei ya jumla na gesi inayovuka mipaka ya majimbo. FERC haipangi bei ya umeme wa nyumbani kwako.

Majina yasikuchanganye. Railroad Commission of Texas haishughulikii reli hata kidogo tangu 2005. Kazi yake ni mafuta na gesi. Umeme wa Texas uko chini ya Public Utility Commission. Arizona, Oklahoma na Kansas huita tume zao Corporation Commission, New York na Georgia husema Public Service Commission, na Massachusetts ina idara kamili.

Je, sheria inamtaka kamishna awe mhandisi au mchumi?

Katika majimbo mengi, hapana. Sheria nyingi zinaishia kutaka awe mkazi wa jimbo, asiwe na hisa katika kampuni zinazodhibitiwa, na mara nyingine kwamba chama kimoja kisijaze viti vyote. Majimbo machache yameandika sifa za kitaaluma waziwazi, na inafaa kuyaangalia kwa karibu.

Ohio inataka kila kamishna awe na uzoefu wa angalau miaka 3 katika fani mojawapo kati ya uchumi, sheria, fedha, uhasibu, uhandisi, sayansi, maliasili au mazingira. Angalau mmoja kati ya 5 lazima awe wakili. Gavana hateui kutoka popote: kamati ya uteuzi humpelekea orodha fupi ya majina.

South Carolina ina makamishna wanaochaguliwa na bunge la jimbo. Kila mmoja anatakiwa kuwa na shahada, pamoja na ujuzi wa muda mrefu katika nishati, mawasiliano, utetezi wa walaji, maji, fedha na uchumi, uhasibu, uhandisi au sheria.

Virginia huwaita makamishna wake majaji, na kweli wanafanya kazi kama mahakama. Wako 3, wanachaguliwa na bunge, na katiba inataka angalau mmoja awe na sifa za kuwa jaji.

New Mexico ndiyo yenye mabadiliko ya karibuni. Hadi mwisho wa 2022 wananchi walichagua makamishna 5. Kura ya maoni ya 2020 ilibadilisha katiba, na tangu Januari 2023 gavana anateua 3 kutoka kwenye orodha ya kamati ya uteuzi. Sheria inadai elimu na uzoefu wa miaka kadhaa katika sekta zinazodhibitiwa, na sharti hilo halikubaki kwenye karatasi: mmoja wa wateule wa kwanza alilazimika kujiondoa mapema Januari 2023 kwa kutotimiza sifa hizo.

Ukisoma orodha hizi kwa makini utaona jinsi zilivyo pana. "Sheria" peke yake inamruhusu wakili wa ardhi ambaye hajawahi kugusa kesi ya umeme. "Fedha" inamruhusu meneja wa benki. Orodha inamzuia asiye na taaluma kabisa. Haihakikishi kwamba anayeingia anaijua sekta.

Basi kwa kawaida wametoka wapi?

Mawakili ndio wanaoonekana kila mahali. Wengine walikuwa waendesha mashtaka, wengine wanasheria wa gavana, wengine wa kampuni binafsi za uwakili. Alice Reynolds, aliyekabidhiwa uenyekiti wa tume ya California mwisho wa 2021, ni mwanasheria aliyekuwa mshauri wa nishati wa gavana.

Wanasiasa ndio kundi la pili, na mara nyingi ni walewale mawakili. Dan Scripps wa Michigan ni mwanasheria aliyewahi kuwa mbunge wa jimbo. Doug Scott wa Illinois ni mwanasheria aliyewahi kuwa meya wa Rockford. Kwa mfano uliokolea zaidi, itazame South Dakota, ambako kwa miaka mingi tume ilikuwa na watu hawa watatu: Chris Nelson, aliyekuwa katibu wa jimbo anayesimamia uchaguzi, Gary Hanson, aliyekuwa meya wa Sioux Falls, na Kristie Fiegen, aliyekuwa mbunge wa jimbo. Wote watatu walipitia siasa kabla ya kuingia kwenye tume.

Kundi la tatu ni waliokulia ndani ya tume zenyewe: wachambuzi wa bei, wanasheria wa tume, wasaidizi wa makamishna waliotangulia. Hawajulikani sana kwa umma, lakini kwa maoni yetu ndio wanaoanza kazi wakiwa tayari, kwa sababu wameshasoma majalada mengi na wanajua kampuni huficha nini na wapi.

Wengine hutoka kwenye kampuni za umeme na gesi, kwenye ofisi za utetezi wa walaji, au kwenye mashirika ya mazingira. Wahandisi na wahasibu wapo, ila ni wachache kuliko watu wanavyodhani. Wasomi wa vyuo vikuu ni wachache zaidi, ingawa mmoja wao aliacha alama kubwa: Alfred Kahn, mchumi wa Cornell, aliongoza tume ya New York kuanzia 1974 hadi 1977. Alisukuma wazo kwamba bei ya umeme ifuate gharama ya kuzalisha uniti ya ziada, hivyo umeme wa saa za msongamano uwe ghali kuliko wa usiku. Bei za kufuata saa zinazotumika leo katika majimbo mengi zinaendeleza wazo hilohilo.

Kwa nini mawakili wawe wengi hivyo?

Kwa sababu kazi yenyewe inaendeshwa kimahakama. Ombi la kupandisha bei hufunguliwa kama shauri. Kampuni huleta ushahidi wa maandishi ulioapiwa, upande wa pili huleta wataalamu wake, mashahidi huhojiwa, jaji wa utawala, anayesikiliza mashauri ya tume, huandika pendekezo, kisha makamishna hutoa uamuzi unaoweza kukatiwa rufaa mahakamani. Mahakama Kuu ya Marekani iliweka misingi zamani: katika kesi ya Bluefield (1923) na ya Hope (1944) ilisema kampuni ina haki ya kupata faida inayolingana na ya biashara zenye hatari kama yake. Uamuzi ulioandikwa vibaya unaanguka kwenye rufaa hata kama hesabu zake ni sahihi.

Hatari ya tume iliyojaa mawakili ni kinyume chake. Utaratibu unafuatwa hatua kwa hatua, kila hati ina muhuri, lakini hakuna aliyeuliza kwa nini kampuni imekadiria ukuaji wa mahitaji mara mbili ya miaka iliyopita. Makadirio ya mahitaji ndiyo yanayohalalisha mtambo mpya, na mtambo ukishajengwa mteja anaulipia kwa miongo.

Kamishna asiyejua hesabu za umeme anaamuaje bei?

Anategemea wafanyakazi wa kitaalamu wa tume: wahasibu, wahandisi na wachumi. Hata hivyo kuna mambo ambayo lazima ayaelewe mwenyewe, na kubwa ni hili.

Mapato ambayo kampuni inaruhusiwa kukusanya ni gharama za uendeshaji, pamoja na uchakavu wa mitambo, pamoja na kodi, pamoja na faida juu ya mtaji uliowekezwa. Gharama za uendeshaji hulipwa kama zilivyo, bila faida. Faida hutoka kwenye mtaji pekee. Ndiyo maana kampuni hupenda kujenga kuliko kukarabati, na ndiyo maana kamishna asiyeliona hilo atapitisha miradi mingi akidhani anajali uimara wa gridi.

Chukua kampuni ya mfano yenye mtaji wa dola bilioni 2, nusu ikiwa mkopo na nusu fedha za wanahisa. Inaomba faida ya asilimia 10.5 kwa wanahisa. Wafanyakazi wa tume wanapendekeza 9.5. Tofauti ya asilimia 1 juu ya dola bilioni 1 ni dola milioni 10 kwa mwaka. Kwa kuwa faida hiyo hutozwa kodi ya serikali kuu ya asilimia 21, wateja lazima walipe 10 gawanya kwa 0.79, yaani karibu dola milioni 12.7, ili wanahisa wabaki na 10. Kampuni ikiwa na wateja 400,000, kila mmoja analipa wastani wa karibu dola 32 zaidi kwa mwaka. Mjadala wa saa nzima kuhusu fedha za matangazo au magari ya wakurugenzi mara nyingi hauifikii hata sehemu ya kumi ya hapo.

Muda nao unabana. New York ina miezi 11 kuamua ombi la bei, Michigan 10. Kamishna mgeni aliyeteuliwa katikati ya shauri anakuta maelfu ya kurasa zikimsubiri.

Majimbo gani huchagua makamishna kwa kura ya wananchi, na hilo hubadilisha nini?

Hadi 2025 yalikuwa 10: Alabama, Arizona, Georgia, Louisiana, Mississippi, Montana, Nebraska, North Dakota, Oklahoma na South Dakota. Kwingineko ni uteuzi wa gavana, mara nyingi ukithibitishwa na seneti ya jimbo, isipokuwa machache kama Virginia na South Carolina ambako bunge ndilo linalochagua.

Kura huleta watu wanaojua kuomba kura. Huey Long alianzia hapo: alichaguliwa mwaka 1918 kwenye tume ya reli ya Louisiana, iliyokuja kuwa tume ya huduma za umma, akajijengea jina kwa kupambana na kampuni ya simu na za mafuta, na mwaka 1928 akawa gavana. Brandon Presley alikuwa meya wa mji mdogo wa Nettleton kabla ya kuchaguliwa kwenye tume ya Mississippi mwaka 2007. Mwaka 2023 aligombea ugavana. Julie Fedorchak alitoka tume ya North Dakota akaingia bunge la taifa Januari 2025. Kwa wengi wa aina hii, tume ni ngazi.

Shida ya kura ni pesa. Arizona, kampuni mama ya shirika kubwa la umeme ilikiri mwaka 2019 kwamba iliwapa fedha wanasiasa na makundi ya kisiasa katika uchaguzi wa 2014, kwa mamilioni ya dola, wakati viti vya tume inayoisimamia vikigombewa. Faida yake ni kwamba wananchi wakichoka wana pa kupeleka hasira. Georgia, Novemba 2025, wajumbe wawili waliokuwa madarakani waliangushwa baada ya miaka ya bili kupanda, sehemu yake ikiwa gharama ya vinu viwili vipya vya nyuklia vya Vogtle vilivyozidi dola bilioni 30. Walioshinda ni Alicia Johnson na Peter Hubbard, ambaye alikuwa mtetezi wa nishati safi. Ni vigumu kumfikiria gavana wa Georgia wa wakati ule akiwateua hao.

Aliyetoka kwenye kampuni ya umeme si ataipendelea kampuni?

Wakati mwingine ndiyo, wakati mwingine hapana, na kuangalia ajira ya mwisho pekee hakutoshi.

Michael Peevey aliwahi kuwa rais wa Southern California Edison, kisha akaongoza tume ya California kuanzia 2002 hadi 2014. Katika kipindi chake jimbo lilisonga mbele sana kwenye umeme wa jua na upepo. Lakini mwaka 2014 zilifichuka barua pepe kati ya tume na kampuni ya PG&E, zikiwemo za kampuni kutaka jaji fulani apangiwe shauri lake. Hayo yalitokea baada ya bomba la gesi la PG&E kulipuka San Bruno Septemba 2010 na kuua watu 8. Kosa lililoonekana hapo ni mazungumzo ya pembeni, ambayo sheria huyawekea mipaka wakati shauri liko wazi, na mtu asiyewahi kufanya kazi kwenye kampuni anaweza kulitenda vilevile.

Ohio inatoa funzo chungu zaidi. Samuel Randazzo, aliyeteuliwa kuongoza tume mwaka 2019, alikuwa wakili wa miaka mingi wa watumiaji wakubwa wa nishati viwandani. Kwa karatasi, alikuwa miongoni mwa wenye sifa kubwa kuliko wote. Mwaka 2021 kampuni ya FirstEnergy ilikiri kwenye makubaliano na waendesha mashtaka wa serikali kuu kwamba ililipa dola milioni 4.3 kwa kampuni ya Randazzo muda mfupi kabla hajaanza kazi, na ikakubali faini ya dola milioni 230. Yeye alikana mashtaka, na alifariki 2024 kabla ya kesi kuisha. Kamati ya uteuzi ilikagua wasifu wake. Ilichokosa ni orodha kamili ya nani amemlipa.

Kwa hiyo swali la kumuuliza mteule ni: katika miaka 5 iliyopita umelipwa na nani, kwa kazi gani, na ni mashauri mangapi yatakulazimu ujitoe? Hili la kujitoa husahaulika. Katika tume ya watu 3, mmoja akijitoa kila shauri la kampuni aliyotoka, wawili waliobaki wakigongana hakuna uamuzi.

Upande wa pili wa hoja: Audrey Zibelman, aliyeongoza tume ya New York 2013 hadi 2017, alikuwa mtendaji mkuu wa shughuli katika PJM, chombo kinachoendesha gridi ya majimbo mengi ya mashariki. Mtu anayejua gridi inavyoendeshwa dakika kwa dakika hadanganyiki kirahisi.

Baada ya muda wao kuisha huenda wapi?

Kampuni za uwakili, kampuni za nishati, ushauri wa kitaalamu, siasa, na FERC. Colette Honorable aliongoza tume ya Arkansas kabla ya FERC. Tony Clark alitoka North Dakota. Mark Christie alikaa Virginia kwa miaka 17. Willie Phillips aliongoza tume ya Washington, D.C. Majimbo mengi huweka kipindi cha kusubiri kabla kamishna wa zamani hajaruhusiwa kusimama mbele ya tume akiwakilisha kampuni. Kipindi hicho mara nyingi hakimzuii kuajiriwa kimyakimya kama mshauri.

Mtu asiye na uzoefu hufundishwa wapi?

Chama chao cha kitaifa, NARUC, kilianzishwa 1889. Mafunzo yanayojulikana zaidi yanahusishwa na Michigan State University, na New Mexico State University nayo ina kituo chake kinachofundisha misingi. Wiki moja au mbili za darasa zinatosha kumfundisha mtu msamiati wa kesi ya bei. Kuisoma kesi yenyewe kwa jicho la shaka huchukua mwaka na zaidi, na wengine muda wao huisha hawajafika hapo.

Nitajuaje kamishna wa jimbo langu alikuwa akifanya kazi gani?

Anza na ukurasa wa makamishna kwenye tovuti ya tume, lakini uuchukulie kama wasifu alioandika mwenyewe. Ukikuta "ana uzoefu mkubwa sekta binafsi" bila jina la mwajiri, hapo ndipo pa kuchimba.

Kisha tafuta tamko lake la maslahi ya kifedha. Majimbo mengi humtaka alijaze kila mwaka, na hupatikana kwa tume ya maadili au katibu wa jimbo. Kama aliteuliwa, tafuta video ya mahojiano yake mbele ya seneti ya jimbo. Kama alichaguliwa, soma taarifa za michango ya kampeni, na usiishie kwenye jina la kampuni ya umeme: angalia wakurugenzi wake, mawakili wake na wakandarasi wake.

Mwisho tafuta jina lake kwenye mfumo wa majalada ya tume, kwa miaka ya kabla hajateuliwa. Kama aliwahi kusimama pale kama wakili au shahidi, utaona alimwakilisha nani. Watu wengi hawafiki hatua hii, na ndiyo yenye majibu.

Umeme wangu unatoka kwa ushirika au kwa manispaa. Haya yananihusu?

Kwa kiasi kidogo. Mashirika ya manispaa kama lile la Los Angeles au Austin hupangiwa bei na baraza la mji, na vyama vya ushirika vya vijijini katika majimbo mengi hujipangia vyenyewe. Nebraska umeme wote ni wa umma, kwa hiyo tume yake iliyochaguliwa kwa kura haipangi bei ya umeme. Angalia jina la kampuni kwenye bili kabla ya kuandika barua.

Naishi Marekani na Kiingereza changu si kizuri. Naweza kusikilizwa?

Unaweza, na huhitaji wakili kutoa maoni. Kwa tatizo la bili yako mwenyewe, lalamika kwanza kwa kampuni na uandike tarehe na namba ya malalamiko; tume itakuuliza hiyo. Usiposaidiwa, peleka kwa kitengo cha wateja cha tume, kwa simu au kwenye tovuti.

Kwa ombi la kupandisha bei kwa wateja wote, tafuta namba ya shauri. Kampuni hutakiwa kuwatangazia wateja, mara nyingi kwa karatasi inayokuja na bili. Barua isiyo na namba hiyo inaweza kupotea. Ukitaka kuzungumza kwenye mkutano wa hadhara, piga simu mapema uulize kama wanaweza kukupatia mkalimani wa Kiswahili. Ukifika siku yenyewe bila kuomba, usitegemee kumkuta. Utapewa dakika chache, kwa kawaida kama tatu. Sema unaishi wapi, bili ilikuwa kiasi gani mwaka jana na kiasi gani sasa, na umepunguza nini nyumbani ili uilipe. Maoni hayo kwa kawaida hayahesabiwi kama ushahidi ulioapiwa, kwa hiyo ukitaka hoja yako iingie kwenye hesabu zenyewe, wasiliana na ofisi ya mtetezi wa walaji ya jimbo. Ofisi hiyo ina mawakili na wachumi wake, na huduma yake kwako ni bure.